Nilikaa Nao Benchi Moja

Mama yangu ni Mluhya wa Kakamega na baba alikuwa Mkikuyu wa Nyeri, kwa hivo Januari 2008 pale Nairobi mimi sikuwa na upande wa kukimbilia. Kibaki aliapishwa kuwa rais tena, baada ya uchaguzi wenye watu walibishania matokeo, jioni ya tarehe 30 Desemba 2007 giza likiingia, na kabla watu hawajamaliza kuangalia kwa TV mtaa wetu ulikuwa umeshabadilika, vijana wamefunga barabara na mawe na tairi, unaitishwa kitambulisho, na hawaangalii picha wala namba, wanatafuta jina la mwisho tu. Jina langu la mwisho ni la baba. Lafudhi yangu ni ya mama. Kuna siku nilisimamishwa na vikundi viwili tofauti kwa barabara moja, kote nikajieleza kwa lugha ya hao wenye wamenisimamisha, nikafika nyumbani nikakaa chini jikoni na kikombe cha uji mkononi na uji wote ukamwagika juu mikono ilikuwa haitulii.

Waliokufa ile miezi miwili walizidi 1,100 na waliohama makwao wakafika kama laki sita. Kule Kiambaa karibu na Eldoret watu walichomewa ndani ya kanisa, tena siku ya mwaka mpya. Nayataja haya kwa sababu hayo ndiyo macho nilikuja nayo Marekani, na kila kitu nimeona huku kuhusu siasa nimekiona na hayo macho, siwezi kuyatoa.

Mimi ni memba wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale watu wengi bado wanatuita Wamormoni ingawa 2018 Russell M. Nelson, Rais wa kanisa wakati huo, alituomba tutumie jina kamili. Nilibatizwa Nairobi 1999. Mama hakuumia sana kuhusu dini, aliumia kuhusu chai, manake Neno la Hekima linatukataza chai na kahawa na kwetu ukikataa chai ya mtu ni kama umemkataa yeye mwenyewe, mpaka leo nikienda Kakamega ananichemshia maziwa matupu na tangawizi na ananiangalia nikiyanywa kama mtu anamwangalia mgonjwa.

Sasa ile Januari, Jumapili ya kwanza tuliweza kutoka nyumbani, tulienda kanisani wachache sana. Askofu wetu alikuwa Mjaluo, mshauri wake wa kwanza Mkikuyu, na nilikuwa nimejiambia nikikuta hao wawili wamekaa mbali mbali basi mimi narudi nyumbani. Walikuwa wamekaa vile wanakaa siku zote, mabega yanagusana. Watu walikuwa wamebeba unga, wengine nusu pakiti, tukaweka pamoja mbele tukagawa kulingana na watoto. Alafu askofu akafungua Kitabu cha Mormoni pale 4 Nefi, penye inasemwa baada ya Kristo kuwatembelea wale watu hapakuwa tena na Walamani wala kabila lolote, walikuwa kitu kimoja, na ikakaa hivo karibu miaka mia mbili mpaka watu wakaanza kuvaa nguo za bei wakajitenga wakarudisha yale majina ya zamani. Hakuhubiri. Alisoma tu akakaa. Mimi nimesoma hiyo sura mara nyingi sana na kila mara bado nasikia sauti yake.

Tulikuja Utah 2009 kwa grini kadi, mimi na mzee wangu na watoto wawili, tukapata nyumba ya kupanga West Valley City, na nilidhani nimefika nchi yenye hakuna mtu ataniuliza mimi ni wa wapi. Kwanza waliniuliza kila siku lakini hiyo ni kitu kingine.

Lazima nieleze kitu kimoja kuhusu kanisa letu maanake bila hiyo hii stori yote haieleweki. Sisi hatuchagui kanisa la kuenda. Kuna ramani, kata zimegawanywa kwa mitaa, nyumba yako ikiwa upande huu wa barabara basi wewe ni wa kata hii, na askofu ni jirani yako tu, halipwi, wiki nzima anafanya kazi yake ya kawaida. Hupendi mahubiri, hupendi mtu fulani, shauri yako, ramani ni ramani. Makanisa mengine mengi Marekani mtu anaendesha gari nusu saa kutafuta mchungaji wa kumwambia kile tayari anaamini, na pole pole unakuta kanisa hili ni la Warepublican watupu na lile ni la Wademocrat watupu. Kwetu unaweza kukaa benchi moja miaka kumi na tano na mtu hamjawahi kupiga kura sawa hata mara moja. Ukweli pia ni kwamba Utah Warepublican ni wengi sana, tangu Lyndon Johnson 1964 jimbo halijampa Mdemocrat kura za urais, kwa hivo si ati benchi zimegawanyika nusu kwa nusu. Lakini West Valley ina watu wa Tonga, Samoa, Mexico, Vietnam, Wakongo na Warundi, na ramani haibagui.

Majira ya baridi ya kwanza mtambo wa kupasha joto nyumba ulizima usiku, nje theluji, mwenye nyumba hashiki simu. Nikampigia askofu, na dakika ishirini baadaye akaja mzee mmoja wa kata, mzungu, miaka kama sitini hivi wakati huo, na sanduku la vifaa. Alilala kifudifudi kwa simenti kule chini ya nyumba mpaka saa sita usiku, akatoka na masizi usoni, akakataa pesa, akaniuliza kama watoto wana blanketi za kutosha. Huyo mzee nitamwita tu Ndugu, vile tunaitana kanisani, juu sitaki kumtaja. Yeye ananiita Dada na jina la mume wangu. Karibu kila kitu nimejifunza kuhusu siasa ya Marekani nimejifunza kwa kumwangalia yeye, na sijui kama yeye anajua.

Mwaka uliofuata nikaanza kazi kwa nyumba ya wazee, kazi ya kuogesha na kulisha na kugeuza wagonjwa. Mwenzangu kazini, mama Mmarekani mweusi, siku moja akaniuliza, wewe ni Mmormoni kweli, na unajua kuhusu 1978? Sikujua. Nairobi hakuna mtu alinifundisha. Ati kwa zaidi ya miaka mia moja mwanamume mweusi hakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa langu, na wake kwa waume weusi hawakuweza kupokea baraka za hekaluni, mpaka Juni 1978 wakati wa Rais Spencer W. Kimball. Nilienda chooni nikalia. Unajua Nairobi hakuna aliyewahi kuniambia mimi ni mweusi, waliniuliza tu kabila, lakini huku rangi ndiyo kabila la kwanza, na kumbe hata kanisa langu lilikuwa limeliweka kwenye vitabu vyake. Miaka mitatu baadaye, 2013, kanisa lenyewe liliandika wazi kuhusu hayo mambo na kukana zile sababu zote zilikuwa zinatolewa zamani, ati laana na nini na nini. Hiyo ilisaidia lakini haikufuta.

Nilimuuliza Ndugu. Nilimuuliza kwa hasira, pale pale kwenye maegesho ya kanisa, wewe 1978 ulikuwa wapi. Akaniambia alikuwa anaendesha gari la kazi, habari ikatoka kwa redio, akasimamisha gari kando ya barabara akalia mpaka akashindwa kuendelea, juu aliwahi kutumikia misheni mahali aliambiwa asifundishe nyumba za watu weusi na alikuwa amebeba hiyo kitu moyoni miaka yote. Aliniambia, Dada, sina maelezo ya kukupa, nina pole tu. Nikabaki kanisani. Si kwa sababu yake peke yake, nina ushuhuda wangu mwenyewe wenye nilipata kwa magoti, lakini siwezi kusema hakuchangia.

Tulikula kiapo cha uraia 2015, kwa hivo kura yangu ya kwanza ya urais Marekani ilikuwa 2016. Wale wenye hawaishi Utah hawakumbuki ule mwaka ulikuwaje hapa. Kwenye mchujo wa Machi Warepublican wa Utah walimpa Ted Cruz karibu asilimia 69, Trump akawa wa tatu na kama 14. Desemba kabla ya hapo, alipotangaza anataka kufungia Waislamu mlango, kanisa lilitoa tamko siku iliyofuata, halikumtaja jina, lilirudisha tu maneno ya Joseph Smith kuhusu kutetea uhuru wa dini za wengine. Watu kwa kata waliongea wazi, wanawake hasa, baada ya kutoka ile video yake Oktoba, yenye anajisifu kushikashika wanawake. Akatokea Evan McMullin, memba wa kanisa, mgombea huru, akapata kura kama asilimia 21 za Utah. Mimi nilikuwa mmoja wao. Clinton akapata 27, Trump akashinda jimbo na 45, na hiyo kwa Mrepublican hapa ni kidogo sana, Mitt Romney miaka minne nyuma alikuwa amepata karibu 73. Ndugu alimpigia Trump. Aliniambia mwenyewe, kwa shingo upande, kwa sababu ya majaji na kutoa mimba, na akasema hajivunii.

2020 asilimia ya Trump hapa Utah ikawa 58. 2024 ikawa 59. Mtu akiniuliza ni nini kilitokea sina namba nyingine ya kumpa, naweza tu kumwambia kuhusu gari la Ndugu. 2016 halikuwa na kitu. 2018 kukawa na kistika kidogo cha Trump nyuma. Kiangazi cha 2020 kukawa na bendera kubwa, imefungwa kwa mti, inapepea. Mtu ni yule yule. Nimeshaona hiyo kitu, nimeiona Nairobi, venye mtu anaanza kwa kusema huyu si mzuri lakini ni wetu, alafu anaacha kusema si mzuri, inabaki tu ni wetu. Sera hazina kazi tena hapo. Ukimgusa mgombea umemgusa baba yake.

Na niseme haki, kwa upande ule mwingine niliona kitu hicho hicho. Kulikuwa na dada mmoja mwalimu, Mdemocrat wa siku nyingi, alikuwa anapenda kutukumbusha kwamba Harry Reid aliyekuwa kiongozi wa walio wengi kwenye Seneti pale Washington alikuwa wa kanisa letu na Mdemocrat. Kipindi cha korona Urais wa Kwanza, yaani Rais wa kanisa na washauri wake, ulituandikia kuhusu barakoa na chanjo na nusu ya kata ikajifanya haikusikia, yeye mume wake ana ugonjwa wa mapafu, akaacha kuja. Nilimtembelea mara nyingi. Mara ya mwisho aliniambia nikiwa nimekaa kwa kochi lake, wewe unakaa katikati kwa sababu katikati hakuna gharama. Sikumjibu siku hiyo. Ningemjibu ningemwambia kuhusu ile barabara yenye nilisimamishwa mara mbili.

Manake watu wanadhani mtu wa katikati hana msimamo. Mimi nina misimamo. Naamini maisha ya mtoto tumboni ni matakatifu na pia nakubaliana na kanisa langu kwamba kuna hali, mama amebakwa, mama atakufa, zenye huwezi kumfungia mtu mlango. Naamini mtu mwenye nguvu afanye kazi. Na 2018 nilipiga kura Utah ipanue Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, ikapita, bunge la jimbo likakaa likaipunguza, nilikasirika sana kwa sababu nawajua kwa majina watu wenye niliwaogesha na wenye hiyo bima ingewafikia mapema. Nchi iwe na mpaka, sawa. Lakini mtu akishafika mlangoni kwangu na mtoto mgongoni nitamuuliza kama amekula, hiyo sikuifundishwa na chama chochote.

Kosa langu mimi nitaliandika. Baada ya yale mauaji ya George Floyd, mtu mweusi aliyeuawa na polisi 2020, na bendera ya Ndugu kuendelea kupepea, niliacha kuongea naye. Ibada zilikuwa zimefungwa mwanzoni, ikawa rahisi, alafu zilipofunguliwa nikawa nakaa upande ule mwingine. Rais Nelson alisimama kwa mkutano mkuu wa Oktoba akawaambia waumini waongoze katika kuacha mitazamo na matendo ya ubaguzi, nikajiambia moyoni, sikia Ndugu, sikia, kama kwamba maneno yalikuwa yake peke yake. Ile baridi theluji ilianguka mara kadhaa. Kila ikianguka, saa kumi na mbili asubuhi nilisikia koleo nje, krrr krrr kwa simenti. Nilifungua pazia kidogo nikamwona, koti ya kijani, mgongo umeshaanza kuinama, anasafisha njia yangu kabla sijaenda kazini. Nikafunga pazia. Nilifanya hivyo baridi yote. Hakugonga mlango, mimi sikutoka, na sikumpelekea hata kikombe cha maziwa moto. Nikikumbuka hiyo koleo naumwa mpaka leo.

Aprili 2021 Rais Dallin H. Oaks, wakati huo mshauri wa Rais Nelson, aliongea kuhusu Katiba ya Marekani, kwamba tunaamini imevuviwa na Mungu, na kwamba hakuna chama kimoja kinachobeba yote yenye muumini anataka, kwa hivo ni kawaida mtu kubadilisha kura yake kutoka uchaguzi mmoja hadi mwingine. Wiki chache baadaye, tarehe 1 Mei, Warepublican wa Utah walikutana Maverik Center, hapa hapa West Valley, na Mitt Romney alipopanda jukwaani walimzomea. Yule yule mtu walimpa 73. Kosa lake ni kwamba alipiga kura ya kumtia Trump hatiani, na Februari 2020 alikuwa seneta wa kwanza katika historia ya Marekani kumhukumu rais wa chama chake mwenyewe, akasema ni kwa sababu ya kiapo mbele ya Mungu. Waliweka hoja ya kumlaani, ikashindwa kwa kura 798 dhidi ya 711. Niliangalia hizo namba muda mrefu. 711 watu wa kanisa langu wengi wao, na pia 798 watu wa kanisa langu. Kule Arizona Rusty Bowers, spika wa bunge la jimbo, memba pia, alikataa kubadilisha matokeo ya kura kwa sababu hiyo hiyo ya Katiba na imani, na mwaka 2022 chama chake kikamtoa kwenye mchujo.

Siku hiyo ya Maverik Center nilioka mkate wa ndizi nikaupeleka kwa Ndugu. Sikuwa na hotuba. Mke wake alifungua, akanikumbatia, tukakaa watatu tukala, na hatukuongea siasa kwa sababu hakuna mtu alikuwa na nguvu. Alikuwa ametoa bendera. Sikuuliza. Inawezekana ilichanika tu na upepo.

Juni 2023 Urais wa Kwanza waliandika barua kwa waumini wote Marekani kwamba kupiga kura ya chama kizima kwa mazoea, bila kuchunguza mgombea mmoja mmoja, ni hatari kwa demokrasia. Nilitamani sana barua kama hiyo ingesomwa makanisa yote ya Kenya 2007. Kwa kata yetu watu walitikisa kichwa kukubali, kila mmoja akidhani inamhusu yule wa benchi ya nyuma, na najua hivo kwa sababu mimi pia nilidhani hivo.

Kitu chenye kinanishangaza kuhusu Wamormoni wa Marekani ni venye wamesahau, na wakati huo huo hawajasahau. Tarehe 24 Julai huku ni sikukuu ya kukumbuka Wamormoni wa kwanza kufika hapa, kuna gwaride kubwa Salt Lake City. 1838 gavana wa Missouri, Lilburn Boggs, alitoa amri Wamormoni wafukuzwe jimboni ama waangamizwe, siku tatu baadaye watu 17 wakauawa Haun's Mill, na hiyo amri haikufutwa rasmi mpaka 1976. Wakahamia Illinois, huko 1844 Joseph Smith akauawa na genge la watu jela ya Carthage, tena mwaka ambao alikuwa anagombea urais. Wakafungasha tena, wakaingia hili bonde Julai 1847, na kwa karatasi lilikuwa bado ardhi ya Mexico, Marekani iliichukua mwaka uliofuata. Na palikuwa na wenyewe, Waute na Washoshone, hiyo gwaride haisemi sana.

Mwaka fulani nilienda kuangalia gwaride na mama mmoja Mkongo wa kata yetu, wa Kivu Kusini, amekaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka kumi na saba kabla ya kuletwa huku. Yalikuwa yanapita mabehewa na watoto wamevaa kofia za zamani, wanasukuma vile vikokoteni vya mkono. Akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Hawa bazungu balikuwa banakimbia nani?" Nikamwambia walikuwa wanakimbia serikali yao na majirani zao. Akanyamaza, behewa tatu zikapita. Akasema, "Kumbe nabo ni bakimbizi." Alafu akasimama, mama wa miaka sitini na goti bovu, akaanza kuwapungia mkono.

Ndiyo maana nasema hawajasahau kabisa. 2019, wakati majimbo yaliambiwa yanaweza kukataa wakimbizi, gavana wa Utah Gary Herbert, Mrepublican, aliandika barua kwa Trump kwamba Utah inataka wakimbizi waendelee kuja, na hata waongezwe. Hiyo barua ni ya watu wenye babu zao walisukuma kikokoteni. Ndiyo siasa yenye nilipenda hapa, na naogopa inakauka.

Tarehe 20 Januari 2025 Trump akasaini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Yule mama ana binti Nyarugusu, alikuwa ameshapita mahojiano yote. Mimi ndiye nilimtafsiria mama barua. Alafu nikaenda kwa Ndugu, kwa sababu alikuwa amepiga kura ile ile tena, na nilitaka ajue kwa mdomo wangu na si kwa habari za TV yake. Nilimwonyesha picha ya binti kwa simu. Yeye anamfundisha kaka wa huyo binti kuendesha gari, kijana wa miaka ishirini, kila Jumamosi kwenye maegesho ya kanisa, na gari lake mwenyewe. Aliangalia ile picha sana, akasema, anafanana na kijana wetu. Wetu. Hakusema amekosea kupiga kura na mimi sikumuuliza. Aliniomba majina ya binti yaandikwe vizuri kwa karatasi, akaniambia atamwandikia seneta kwa mkono juu hizi barua za kompyuta hazisomwi.

Alafu Septemba. Tarehe 10 Charlie Kirk, mwanaharakati kijana wa upande wa Trump, aliuawa kwa risasi akiongea na wanafunzi Utah Valley University kule Orem, hapa karibu, mmoja wa watoto wangu ana marafiki walikuwa kwa ule uwanja. Gavana Spencer Cox, ambaye kwa miaka anaomba watu wajifunze kupingana bila chuki, alisimama akaomba tena, na sauti yake ilikuwa imechoka. Mwalimu alinipigia simu akilia, Mdemocrat yule, akaniambia hakumpenda yule kijana hata kidogo na hawezi kuacha kulia kwa ajili ya watoto wenye Kirk ameacha. Tarehe 27 Rais Nelson akafariki, umri miaka 101. Kesho yake, Jumapili asubuhi, mtu akagongesha gari lake kwa ukuta wa kanisa letu kule Grand Blanc, Michigan, watu wakiwa ibadani, akapiga risasi, akachoma jengo. Waumini wanne walikufa, yeye akauawa na polisi. Mimi nilipoona picha ya lile kanisa likiungua sikuona Michigan. Niliona Kiambaa.

Siku mbili tatu baadaye memba mmoja wa kanisa alianzisha mchango mtandaoni kwa ajili ya mke na mtoto wa yule mtu aliyeua. Ukapita dola 300,000.

Ile Jumamosi Ndugu alikuja kwangu na simu yake kwenye mfuko wa koti ile ya kijani. Mikono inatetemeka siku hizi, hawezi kubonyeza vizuri. Akasema, Dada, nisaidie kutuma, nataka dola hamsini, na usiandike jina langu. Tukakaa kwa meza ya jikoni. Nilikwama pale penye wanauliza kama unataka kuandika ujumbe, nikamuuliza aandike nini, akafikiria, akasema andika tu tunamwombea mtoto. Nikaandika. Nikatoa simu yangu nikatuma ishirini juu mshahara ulikuwa bado. Nje kijana alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha dereva anangoja, madirisha wazi, anapiga honi kidogo kidogo. Aliponiona mlangoni akaniita, "Tantine, ambia muzee leo tunaingia barabara kubwa." Nikamtafsiria. Ndugu akavaa kofia yake, akaangalia angani kama kutanyesha, akasema sawa, lakini afunge mkanda kwanza.